Bodi inataka kumshtaki aliyenipokea Marekani, na kura ya tano ni yangu

Shikamoo mama,

Naandika nikiwa kwenye gari, maegesho ya kazini, saa kumi na moja alfajiri. Nimetoka zamu ya usiku, na nikifika nyumbani mume wangu ataniuliza naandika nini.

Niko Houston, Texas, mwaka wa 11 huu. Siku niliyofika, mtu aliyeniahidi kunipokea uwanja wa ndege hakutokea na simu akazima. Aliyekuja kunichukua ni mama mmoja wa kwetu Tanga ambaye hata hatukuwa tunajuana. Nitamwita Mama Rehema, si jina lake. Nililala kwenye kochi lake miezi saba na hakunidai hata dola moja. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha gari, tukizunguka kwenye uwanja wa duka lililofungwa. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa, yeye ndiye aliyenikanda maji ya moto na kunipikia uji wa pilipili manga mpaka arobaini. Mwaka 2021 tukanunua nyumba mtaa mmoja naye, ya nne kutoka kwake. Habari ya kwamba inauzwa alituletea yeye.

Mtaa wetu una chama cha wenye nyumba, HOA. Tunalipa ada kila mwaka, kuna bodi ya watu watano, na kuna kampuni ya usimamizi inayopita na gari kupiga picha majani marefu na mapipa ya taka yaliyosahauliwa nje. Mwaka jana kwenye mkutano mkuu hakuna aliyetaka kugombea. Ukimya ulizidi, nikaona haya, nikanyoosha mkono. Ndiyo nikawa mjumbe.

Mama Rehema ni msusi. Mumewe alifariki miaka sita iliyopita, na tangu hapo amegeuza gereji kuwa saluni: viti vitatu, kioo kirefu, feni mbili, na kabati la rasta za kila rangi. Wateja wanamfuata kutoka mpaka Austin. Twende kilioni ya binti yangu anaisuka chini ya saa moja huku anamsimulia habari za sungura, na mtoto hasikii hata maumivu. Lakini Jumamosi magari yanakuwa saba, manane, pande zote za barabara, na ncha za rasta zinapeperuka mpaka kwenye majani ya majirani. Mimi mwenyewe nimeziokota kwangu.

Jirani wa mbele yake, mzee mstaafu, alilalamika. Aliandika kwamba siku moja mkewe alizidiwa, na gari la wagonjwa likakwama kwa sababu ya magari ya wateja. Picha aliambatanisha. Kampuni ikamwandikia Mama Rehema, hakujibu. Ikaja barua ya rejesta, akakataa kusaini. Aliniambia kwa tambo kabisa: "Nisiposaini, haijanifikia." Ilitumwa siku 19 zilizopita. Najua kwa sababu nakala imo kwenye makabrasha ya bodi.

Masharti ya hati ya mtaa wetu yanasema nyumba ni za makazi tu na biashara hairuhusiwi. Mama Rehema anasema Houston haina sheria ya kumpangia mtu atumieje ardhi yake, na kusuka Texas hakuhitaji leseni, basi hakuna wa kumgusa. Anasema pia nyumba ya kona kuna mwalimu wa piano na hajaandikiwa na mtu. "Ni rangi yetu hii, mdogo wangu," anasema. Sikuweza kumbishia.

Wiki mbili zijazo bodi inakaa kuamua kama kazi hii apewe wakili. Wajumbe wawili wanataka kesi, wawili hawataki. Kura iliyobaki unaijua ni ya nani.

Nilimwendea. Akaniambia, "Si wewe uko humo ndani? Izime." Akaongeza kwamba mpaka wamwache na gereji yake, ada ya mwaka huu halipi hata senti. Kisha akanifungia sahani ya vitumbua niwapelekee watoto.

Mume wangu anasema nijiuzulu tusionekane. Nikijiuzulu, Mama Rehema atajua nimekimbia. Nikimtetea, wenzangu kwenye bodi wanajua binti yangu anasukwa kwake. Nikipiga kura ya kumshtaki, sijui nitapitaje mbele ya nyumba yake kila siku. Na kuna jambo naona aibu hata kuliandika: nyuma ya nyumba yetu mume wangu amejenga kibanda cha zana bila kuomba kibali. Naogopa mtu atasimama aseme, na wewe je?

Naogopa watamnyang'anya nyumba kwa ajili ya rasta, na mkono mmoja ulionyooshwa uwe wangu. Nifanyeje, mama?

Wa Njia Panda, Houston

MAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye vitumbua. Mtu anakuambia "izime", na kabla hujatoka anakufungia chakula cha watoto wako. Wanaomsikia kwa mbali watasema anakuhonga. Wewe na mimi tunajua angekufungia hata kama ungekwenda kumsalimia tu, na hapo ndipo ugumu wako ulipo. Kama angekuwa anakutisha, ungejua pa kusimama.

Nikikuelewa vizuri, unabeba mizigo miwili umeifunga kamba moja. Upo wa deni kwa mama aliyekupa kochi, na upo wa kiti ulichokikalia kwa sababu ukumbi ulikuwa kimya. Ukiibeba pamoja, kila njia inaonekana ni usaliti. Tuifungue kwanza. Mimi si wakili, na haya ya sheria nimeyasoma kama raia anavyosoma. Lakini yapo mambo mnayoyaamini, wewe na Mama Rehema, ambayo yakibaki hivyo yatamuumiza zaidi ya kura yako.

Nianze na yeye. Anayosema ni kweli, ila yanampeleka pabaya. Houston kweli ni mji mkubwa usio na mpango wa kuitenga ardhi huku makazi, kule biashara. Wapiga kura waliukataa zaidi ya mara moja, mara ya mwisho mwaka 1993. Lakini mji usiokuwa na mpango huo umeegemea karatasi nyingine, na karatasi hiyo ndiyo masharti ya hati. Aliyekata viwanja vya mtaa wenu aliyaandikisha kwa karani wa kaunti kabla hajauza nyumba ya kwanza. Kuanzia hapo kila anayenunua ananunua mbuzi na kamba yake, awe ameisoma au hajaisoma. Masharti hayamfuati mtu, yanakaa na ardhi. Kwa nyumba zilizo ndani ya mipaka ya jiji, hata idara ya sheria ya jiji lenyewe inaweza kwenda mahakamani kuyatetea yale yanayohusu matumizi.

Leseni nayo ni kweli. Texas iliacha kuwadai wasusi leseni mwaka 2015, na wasusi wengi weusi walishangilia, walikuwa na haki ya kushangilia. Ila serikali kukuruhusu kusuka hakumaanishi kila nyumba imekuruhusu kusukia humo. Hata kwetu hati ya kiwanja huandikwa matumizi yake. Mwenye kiwanja cha makazi Dar es Salaam akitaka kufungua baa anatakiwa aombe kubadilisha matumizi. (Wangapi wanaomba, hayo tuyaache.) Kwetu anayekufuata ni afisa ardhi, akipenda, akipata muda. Kule uliko anayekufuata anaweza kuwa jirani.

Hapo ndipo ninapotaka uangalie upya hofu yako kubwa. Umeandika kama vile kesi nzima imening'inia kwenye mkono wako, ukiunyoosha inawaka, ukiushusha inazimika. Sivyo. Masharti ya namna hii kwa kawaida ni ya wenye nyumba wote, kila mmoja anamdai mwenzake. Bodi ikiamua kunyamaza, yule mzee wa mbele anaweza kutafuta wakili wake mwenyewe na kufungua kesi. Hata ungetaka "kuizima", swichi iliyo mkononi mwako si ya taa hiyo. Mama Rehema anakuomba kitu usichokuwa nacho, na wewe unajilaumu kwa kutokitoa.

Sasa niseme linalonitia wasiwasi, na halikuwa katikati ya barua yako. Ulilitaja pembeni: ada.

Unaogopa nyumba itachukuliwa kwa ajili ya rasta. Sheria ya Texas, ile inayohusu vyama hivi, inakataza chama kuuza nyumba ya mtu kwa deni ambalo ni faini peke yake, au faini pamoja na gharama za wakili zilizotokana na faini hiyo. Kwa hiyo wakimpiga faini ya saluni asiilipe, watamsumbua, watamdai, wanaweza kumshtaki, lakini faini pekee haiipeleki nyumba kwenye mnada. Ada ya mwaka ni habari nyingine kabisa. Ada isiyolipwa inakuwa deni lililokaa juu ya nyumba, na kwa deni hilo chama kinaweza kuomba amri ya mahakama nyumba iuzwe. Zipo siku 180 za kuikomboa baada ya taarifa ya mauzo kutumwa, lakini anayekomboa anakomboa kwa fedha, na asiyekuwa na fedha za ada atazitoa wapi za kukombolea?

Unaona alivyogeuza mambo? Kwenye kusuka, ambako nyumba yake haiko kwenye hatari hiyo, anajihami. Kwenye ada, ambako iko hatarini, anasusa kwa hasira. Hili ndilo ningetamani alisikie kutoka kwa mtu anayempenda, kabla hajalisikia kutoka kwa wakili wa watu. Na kama tatizo ni kwamba hana fedha, na hasira ni kifuniko tu (huwa inatokea, hasa kwa mjane aliyezoea kuwa yeye ndiye anayesaidia wengine), sheria inavitaka vyama vyenye viwanja zaidi ya 14 vimpe mdaiwa mpango wa kulipa kidogo kidogo. Anatakiwa kuomba tu.

La pili ni barua ya rejesta. Kutosaini hakukuirudisha nyuma hata siku moja. Sheria inampa mwenye nyumba siku 30 za kuomba asikilizwe na bodi, na siku hizo zinahesabiwa tangu barua ilipotumwa. Siku alipoipokea hawaiulizi. Ulipoandika zilikuwa zimekwisha 19. Ndiyo maana kipande hiki nilikutumia siku ileile bila kusubiri safu, na hapa nakirudia kwa ajili ya wengine walio na barua za aina hii kwenye droo ya jikoni, chini ya kuponi za pitsa. Ombi lenyewe si kubwa. Karatasi moja, sentensi mbili: nimepata taarifa ya tarehe fulani kuhusu nyumba fulani, naomba kikao cha kusikilizwa. Atie saini na tarehe, aitume kwa njia yenye risiti.

Akiomba, bodi inapaswa kumsikiliza ndani ya siku 30, na angalau siku 10 kabla ya kikao impe nyaraka na picha zote itakazozitumia. Hapo atayaona malalamiko yote kwa macho yake. Nakuuliza hili kwa sababu sikuliona kwenye barua yako: je, Mama Rehema anajua habari ya gari la wagonjwa? Wewe umeisoma kwenye makabrasha. Yeye, kwa ninavyoelewa, hakufungua bahasha. Yawezekana kabisa mama huyu aliyekukanda siku arobaini hajui kwamba kuna mwanamke mgonjwa ng'ambo ya barabara. Anadhani anapigana na chuki. Huenda chuki ipo, lakini huenda pia yupo mzee aliyeogopa kumpoteza mkewe.

Simaanishi kwamba suala la rangi ni la kubuni. Karatasi hizihizi za masharti, katika miji mingi ya Marekani, ziliandikwa waziwazi kwamba nyumba isiuzwe kwa mtu mweusi. Ilikuwa mpaka mwaka 1948, katika kesi ya Shelley v. Kraemer, ndipo Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokataza mahakama kuyatekeleza masharti hayo, na mwaka 1968 sheria ya makazi ikapiga marufuku ubaguzi wenyewe. Mama Rehema akinusa harufu hiyo, pua yake haijaharibika. Lakini mwalimu wa piano ana wanafunzi wangapi? Wanakuja mmojammoja na kushushwa mlangoni, au wanaegesha? Aliandikiwa au hakuandikiwa? Hujui, na wewe ndiye mwenye haki ya kuuliza. Sheria inachukulia kwamba uamuzi wa bodi ni wa haki mpaka ithibitike kwamba ulikuwa wa kubahatisha, wa kiholela au wa kibaguzi. Mjumbe anayesema kwenye kikao, "kabla ya wakili, naomba tuone biashara zote za nyumbani kwenye mtaa huu na nani kaandikiwa," hajampendelea mtu. Hilo unaweza kulisema hata kama hupigi kura.

Tufike kwenye kura, basi, maana najua unaisubiri.

Mume wako anasema ujiuzulu. Namwelewa. Ila bodi yenye nafasi iliyoachwa wazi kwa mtu kujiuzulu inaweza kumteua mwingine ajaze, na huyo mwingine huenda hajawahi kula kitumbua cha mtu. Njia hiyo itakutuliza wewe. Yeye sijui kama itamtuliza.

Unaweza kubaki na kutangaza mapema, kwa maandishi, kwamba huyu ni kama dada yako na kwamba katika shauri lake hutapiga kura. Kura zikiwa mbili kwa mbili, katika vikao vingi hoja haipiti, lakini soma katiba ya chama chenu kabla hujategemea hilo. Ubaya wake ni kwamba wale wawili wanaotaka kesi watasema umejitoa ukijua hesabu. Watakuwa na haki kiasi gani, unajua mwenyewe moyoni.

Unaweza pia kubaki na kupiga kura. Mwenye uhusiano wa karibu namna hii akipiga kura, upande wowote, anayeshindwa ana pa kushika. Na bado kuna mitaa ambayo watu huona mjumbe kuwajua majirani zake ndiyo sababu ya kumchagua. Sitakuchagulia. Ninachokuomba ni kwamba uhusiano wenu wasije wakausikia kwa mtu mwingine.

Kwenye njia zote hizo kuna mpaka mmoja mwembamba. Ukiwa mjumbe, una wajibu kwa chama. Yaliyosemwa kwenye kikao cha faragha, na ushauri wa wakili wa chama, hayo si yako kuyabeba mpaka gereji ya Mama Rehema. Lakini barua iliyoandikwa kwa jina lake ni yake. Kukaa naye mezani mkaifungua, ukamsomea tarehe na kumwonyesha mstari wa siku 30, huko si kuvujisha siri. Ungemfanyia hivyo jirani yeyote asiyesoma Kiingereza cha kisheria vizuri, na ningependa kuamini hata yule mzee wa mbele ungemfanyia.

Kibanda sasa. Nilicheka kidogo, unisamehe, kwa jinsi ulivyokificha mwisho wa barua. Mume wako anaweza kupeleka ombi la kibali sasa, kwa kuchelewa, na wakikataa mtajua cha kufanya nacho. Mtakapokipeleka kabla ya kikao, hakuna atakayekivuta mbele ya watu. Mtakapokiacha, kila utakapofungua mdomo kuhusu masharti utakuwa unasikiliza kama kuna anayekohoa.

Na Mama Rehema mwenyewe ana nini mkononi? Zaidi ya anavyodhani na pungufu ya anavyojigamba. Asome kwanza maneno yenyewe ya masharti, si muhtasari wake. "Makazi tu" ni maneno mengine, "hakuna biashara ya aina yoyote" ni mengine, na mengine huruhusu kazi ya nyumbani ilimradi wateja wasiwe msururu na mtaani hakuonekani kitu. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Texas, katika kesi ya Tarr na chama cha wenye nyumba cha Timberwood Park, ilisema kukodisha nyumba kwa siku chache hakukiuki sharti la makazi pale ambapo masharti yenyewe hayakulikataza hilo. Mahakama ilikataa kuongeza maneno ambayo mwandishi hakuyaandika. Lakini mtaa wenu, kwa uliyoniandikia, umetaja biashara kwa jina, kwa hiyo mlango huo ni mwembamba kwake.

Kuna utetezi wa muda pia. Kesi za namna hii zina ukomo wa miaka 4 tangu sharti lilipovunjwa, na yeye anasuka humo miaka sita. Nasita kukupa hili maana litasikika kama ushindi. Watabishana lini kuvunja kulianza, kama mabadiliko ya ukubwa yanahesabika upya, na mabishano hayo yanafanyika mahakamani, kwa saa za wakili. Anayeyatetea masharti akishinda, aliyeshindwa analipa gharama za wakili wa aliyeshinda, na jaji anaweza kuongeza hadi dola 200 kwa kila siku ya ukiukaji. Kabla ya kuingia huko amwone wakili. Houston kuna Lone Star Legal Aid wanaowasaidia watu wenye kipato kidogo. Aende na masharti yake, barua zake, na mwaka aliofungua gereji.

Kuna njia zisizokuwa na jaji. Kikaoni anaweza kupendekeza mwenyewe: wateja wawili kwa wakati, magari kwenye njia yake ya gari tu, Jumamosi mwisho saa fulani, na tarehe ya kuhamia kwenye kiti cha kukodi saluni. Bodi zinapenda tarehe. Anaweza pia kutafuta masharti yabadilishwe, maana yanabadilika wenye nyumba wakipiga kura ya kutosha. Sheria inaweka asilimia 67 ya kura zote, kama hati yenu haikuweka pungufu. Ni nyingi hizo, kwenye mtaa ambao kugombea ujumbe tu kulikosa watu.

Ila mwulize hivi kabla ya kumpa mawazo yote hayo: anachokitetea ni nini? Alianza kusukia nyumbani mwaka aliozika mumewe. Viti vitatu, feni mbili, watu wanaingia tangu asubuhi, watoto wanasimuliwa habari za sungura. Inawezekana kiti cha kukodi kitamlipa vilevile na bado akakataa, kwa sababu fedha haikuwa kitu pekee kilichokuwa kinaingia kwenye ile gereji. Kama ndivyo, nyinyi mnaomzunguka mna la kufanya ambalo halimo kwenye masharti yoyote.

Na wewe nakuuliza swali moja. Umeandika hakukudai hata dola moja. Nimeitafuta sehemu ambayo anakudai sasa, na sikuiona. Alisema "izime" kama dada mkubwa anavyomwambia mdogo wake azime redio. Hesabu ya deni, miezi saba, siku arobaini, umeipiga wewe. Sisemi hudaiwi. Nauliza tu kama umewahi kumwuliza yeye anataka alipwe nini.

Ukienda kwake usiende Jumamosi. Wasusi wengi hupumzika Jumatatu. Rudisha sahani yake, na usiirudishe tupu, unajua desturi. Kisha mwombe akuonyeshe hiyo droo anayowekea barua.